Kipima Unyevu

Nilimwambia Nyemo: zima kwanza hiyo redio.
Mashine ya Chilongani imeanza kusaga
na namba zetu zinaruka
kama kuku aliyekanyaga jivu la moto.
Kumi na tatu. Kumi na sita. Kumi na moja na nusu.
Debe ni lile lile, mahindi ni yale yale,
yamelala juani Kibaigwa siku tisa
hata ukiyamwaga yanalia kokoto.

Mama Mbeleje ndiye aliyeleta kesi:
"Nyumbani nayavunja kwa jino, kah!
Nikifika kwa dalali yameloa.
Mvua gani hii inayonyesha ndani ya gunia?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chuma cha kulehemu,
transista mbili za redio iliyokufa
na koili niliyoizungusha kwa mkono, mizunguko arobaini
(kwenye ishirini na nane nilipoteza hesabu, nikaanza upya).

Saketi hii kazi yake ni kutetema tu.
Kutetema sawasawa, bila haraka, bila woga,
mara laki nne kwa sekunde.
Punje zikiwa na maji, inapunguza mwendo;
zikikauka, inachanganya miguu.
Basi mtetemo ndio ushahidi,
na shahidi akisukumwasukumwa kizimbani
atasema chochote.

Tukaanza kufunga milango.
Waya zote nikazikata fupi,
maana waya mrefu ni sikio, halichagui la kusikia.
Kapasita ndogo, rangi ya udongo wa Kongwa,
nikaibana miguuni pa transista, karibu kabisa,
imeze mitikisiko kabla haijabisha hodi.
Betri, badala ya umeme wa ukutani.
Ardhi zote nikazileta nukta moja;
mwanzo nilizifunga popote palipokuwa na nafasi,
zikawa zinapelekeana maneno
kama wapangaji wa nyumba moja.

Namba zikatulia.
Chilongani anasaga, jirani anachomelea geti,
malori yananguruma barabara kuu:
kumi na tatu.
Nyemo akapiga makofi.
Nikainama nione vizuri.
Kumi na nne na nusu.
Nikarudi nyuma.
Kumi na tatu.

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu.
Nimeshitaki mashine, nimeshitaki nguzo za umeme,
nimeshitaki hata jua,
kumbe kelele iliyobaki ilikuwa mimi:
kiganja changu na maji yaliyomo ndani yake;
nikikisogeza, saketi inayahesabu kuwa ni mahindi.

Ndipo nikamkumbuka dalali Masweko.
Anavyopima huku ameegemea kile kikasha chake cha plastiki,
kiganja juu, kama anayebariki mtoto,
anauliza habari za nyumbani, na ng'ombe, na vidonda vya mguu.
Sijui kama anajua. Siwezi kuapa.
Mkono huongeza hata usipokusudia.

Usiku nikaosha kopo la maziwa ya unga, lile kubwa,
nikaiweka saketi humo, nikalehemu ukingo wote,
nikaacha tundu moja la waya wa kikombe cha punje,
nao nikauvika wavu wa shaba.
Kikombe nacho nikakivalisha bati.
Kopo nikaliunga kwenye ile ardhi moja.
Nikaegemea: kumi na tatu.
Nyemo akaegemea, akalipakata, akalipulizia:
kumi na tatu.

Kesho ni siku ya soko.
Kopo lina picha ya ng'ombe anayecheka,
lina kutu mgongoni, halifanani na kitu cha haki.
Mama Mbeleje amelifunga kwenye kitenge
akauliza swali moja tu:
"Na likisema kweli, watalisikiliza?"

Nikamwambia mimi ni fundi wa ndani ya kopo.